Pimamaji kwa Ndoo

Mpwa wangu alipata A ya Kiswahili kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya. Alikuja mjengoni Bamburi, Mombasa, na cheti ndani ya nailoni, nikampa koleo.

Nikiwa juu ya jukwaa nikamwitisha pimamaji. "Nomino ambatani hiyo, mjomba," akajibu kutoka chini. "Kitenzi pima, nomino maji." Nikajisemea, leo nimepata msaidizi msomi. Akarudi na ndoo ya lita 20 na kikombe cha chai, akauliza nataka vikombe vingapi. Ile yenyewe, fimbo ya alumini yenye kichupa na povu lake katikati, ilikuwa imeegemea ukuta. Aliiruka akielekea bombani.

Kwa mwiko akanihesabia maana zote: wa kusongea sima, wa mwashi, na jambo lisilofaa kutendwa. Zote sahihi. Akaniletea wa mama anayetupikia, sima bado imegandia.

Hayo hayakunitia hasara. Lililonila pesa ni mchanga, neno ambalo hata mtoto anayetambaa analijua. Plasta yetu ilikuwa sehemu moja ya simiti kwa nne za mchanga. Nikamwambia, "Mchanga umepungua, ongeza, kisha changanya mfuko mmoja." Nikaenda Kongowea kununua misumari. Kurudi, kilo 50 zima za simiti zishatiwa maji, kijana anatiririka jasho. Nikachota kwa mwiko, ukalia krrr, ncha ikatoka na gamba la kaa. Alikuwa amesukuma mkokoteni hadi ufuoni.

"Kwani si mchanga huu, mjomba?"

Ni mchanga, tena mzuri wa kulalia. Lakini fundi akisema mchanga anataka wa mto. Wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu: ukuta unatoa unga mweupe, rangi inabambuka, plasta inavimba na kudondoka. Ukiingia kwenye zege ni balaa zaidi, maana nondo zinaliwa na kutu ndani kwa ndani huku nje kunapendeza. Na simiti ikishaonja maji haina subira. Tukaumwaga wote kwenye shimo la njiani. Wenye tuktuk bado wananishukuru.

Basi nikamfundisha kukagua. Sugua mchanga kiganjani. Mkono ukibaki mchafu, una udongo. Tia nusu chupa, ongeza maji, tikisa, uache utulie: matope yatakaa juu, nawe utaona ni mengi kiasi gani. Ukishuku bahari, gusa kidogo kwa ncha ya ulimi, uteme.

Lori lililofuata halijazima injini, kijana kashapanda juu. Akajaza mkono, akatia kinywani, akatafuna macho yamefumbwa. "Hauna chumvi!" akatangaza, akachota tena kuhakikisha.

Dereva akanivuta kando. "Fundi, hawa vijana wako huwapi hata chai?"