"Si walisaini wenyewe": kwanini hoja hii kuhusu Titan inanikera

Kila ikitajwa ile Titan, nyambizi ndogo iliyopotea Juni 2023 na watu watano ndani ikishuka kwenye mabaki ya meli ya Titanic, lazima atokee mtu aseme "si walisaini wenyewe", na wengi wakishasikia hivyo kesi imeisha, walikuwa na hela zao, walijua wanakoenda, wakasaini fomu ya kukubali hatari, wamekufa, tuendelee na mengine. Mi hiyo hoja inanikera sana na leo nataka niseme kwanini, maana naona ndo hiyohiyo itakayotumika kumshusha mtu mwingine kule chini siku moja.

Kwanza huko kwenyewe. Watu wakisikia mabaki yako kina cha mita 3,800 wanaona ni namba tu. Titanic iligonga mwamba wa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, masaa mawili na nusu hivi baadae ikazama na watu kama 1,500 wakafa, ikalala huko miaka 73 haijaonwa na mtu, hadi Septemba 1985 timu ya Robert Ballard wa Marekani na Jean-Louis Michel wa Ufaransa ilipoiona kwa kamera walizokuwa wanaziburuza chini kwa kebo ndefu kutoka melini. Imekatika vipande viwili, omo (sehemu ya mbele) iko kivyake na tezi (sehemu ya nyuma) iko kivyake mita kama 600 mbali. Mwanga wa jua unaisha ukiwa umeshuka kama robo tu ya safari, maji yanakaribia kuganda, redio haipiti, GPS hakuna, mawasiliano na meli ya juu ni kwa sauti zinazosafiri ndani ya maji, vimeseji vifupi vifupi tu. Na presha ni karibu mara 380 ya hii tuliyonayo huku juu, yani kila sentimita moja ya mraba ya chombo chako inabebeshwa kilo zaidi ya 380. Ukuta ukishindwa kule hauvuji taratibu mkapata muda wa kuhangaika, chombo kinapondwa chote kwa mpigo, haraka kuliko mwili unavyoweza kuhisi maumivu.

Sasa kuna watu wanafanya hii kazi miaka mingi na wanarudi salama. Nyambizi ya Alvin ya Wamarekani inafanya kazi tangu 1964, imeshashuka zaidi ya mara 5,000 na haijaua mtu. Nautile ya Wafaransa, Mir mbili za Warusi, zote zimefika Titanic na kurudi. Ukiziangalia zote hizo sehemu wanayokaa watu ni tufe, la titaniamu au la chuma maalum, kwasababu tufe linaigawa presha sawasawa pande zote na hakuna mahali panaelemewa kuliko pengine. Shida ya tufe ni kwamba linaingiza watu watatu tu na mmoja wao ndo rubani, kwahiyo ukitaka kufanya biashara ya abiria hesabu haikai vizuri. Stockton Rush, mwenye kampuni ya OceanGate, alitaka kushusha watu watano kwa mpigo. Watano maana yake silinda, na silinda ya chuma yenye uwezo wa kuhimili kina kile inakuwa nzito mno kuibeba na kuiendesha, ndo akaingia kwenye nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, ukuta wa karibu sentimita 13, na huku na huku akafunga vifuniko vya titaniamu. Yani uamuzi wa kwanza kabisa, kabla ya mambo mengine yote, ulikuwa wa idadi ya siti.

Kaboni ni nzuri sana ukiivuta, ndo maana ipo kwenye ndege. Ila baharini haivutwi, inakandamizwa, halafu inaachiwa, halafu inakandamizwa tena, na kila safari inaweza kuharibu kidogo ndani ambako jicho halifiki. Ni kama kamba inayokatika uzi mmoja mmoja, kwa nje bado unaiona kamba. Chuma unajua tabia yake, kina miaka na miaka ya majaribio, lakini bodi la kaboni la kubeba watu kwenye kina kile hakuna aliyekuwa ameshalitumia muda wa kutosha aweze kukuambia litahimili safari ngapi.

Na hili halikuwa siri kwa wanaojua. Mwaka 2018 David Lochridge, aliyekuwa msimamizi wa shughuli za baharini wa kampuni hiyohiyo, aliandika ripoti kwamba bodi halijapimwa inavyotakiwa, akafukuzwa kazi. Mwaka huohuo wataalamu zaidi ya 30 wa vyombo vya kuzamia wakamwandalia Rush barua kwamba njia anayoenda nayo inaweza kuishia kwenye maafa, wakamtaka apeleke chombo kikaguliwe na watu huru kama wenzake wanavyofanya. Hakupeleka. Yeye alikuwa anasema waziwazi kwamba sheria za usalama zinachelewesha ubunifu. Bodi la kwanza lilipata ufa, likatupwa, likatengenezwa lingine. Halafu ikaja Julai 2022, wako kwenye safari ya 80, wanapanda kurudi juu kutoka Titanic, ukasikika mlio mkubwa ndani ya chombo. Vipimo walivyokuwa wamevifunga wenyewe kwenye bodi vilionyesha tabia ya ukuta imebadilika baada ya ule mlio, na wachunguzi baadae wakasema ndo pale matabaka yalikuwa yameanza kuachana. Chombo kikaachwa nje msimu mzima wa baridi kule Newfoundland, Kanada. Mwaka uliofuata wakakirudisha baharini, siti moja dola 250,000.

Hapa ndo narudi kwenye ile karatasi. Ni kweli fomu ya OceanGate haikuwa ya kuficha maneno, ilitaja kifo zaidi ya mara moja, na ilisema chombo ni cha majaribio na hakijathibitishwa na mamlaka yoyote. Sawa. Lakini kuambiwa "unaweza kufa" na kuambiwa "mwaka jana ukuta huu ulipiga mlio, namba zikabadilika, hatujaufungua kuangalia" hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza linasemwa kwenye kila mchezo wa hatari, kuruka na parachuti, kupanda milima, mtu analisoma anatabasamu anasaini. La pili mtu akilisoma anashusha begi anarudi nyumbani. Aliyelipa alipewa la kwanza. La pili lilibaki kwenye kompyuta za kampuni.

Tena hawakuitwa hata abiria, waliitwa wataalamu wa misheni, na Walinzi wa Pwani wa Marekani kwenye ripoti yao ya Agosti 2025 walieleza kwamba hilo jina lilisaidia kukwepa sheria za kubeba abiria. Mtu kalipa, kaja na mwanae, unamwita mtaalamu. Kwenye ile safari ya tarehe 18 Juni kulikuwa na kijana wa miaka 19 na baba yake, mama yake amebaki juu kwenye meli ya Polar Prince anawasubiri, na mama mwenyewe alikuja kueleza kwamba siti ile ilikuwa yake akamwachia mtoto kwa vile mtoto alitamani sana kwenda. Huyu kijana angejuaje habari ya matabaka? Angeuliza swali gani?

Watu watanijibu, mbona Paul-Henri Nargeolet, mzamiaji wa Kifaransa, alikuwemo, mzee wa miaka 77, ameshuka Titanic mara 37, nani anaijua kuliko yeye. Ni kweli, na kifo chake kiliniuma. Ila ujuzi wote ule wa bahari haumwezeshi mtu kuona nyuzi zilizokatika ndani ya ukuta. Na kuna jambo lingine naona halisemwi, kwamba kuwepo kwake ndo kulikuwa dhamana kwa wengine, ukimwona mzee kama yule anaingia na wewe unaingia, nani angebaki nje?

Kuna video waliyoitoa wachunguzi, imerekodiwa juu melini asubuhi ile. Mke wa Rush amekaa mbele ya skrini anafuatilia mawasiliano, unasikika mlio kama mlango umefungwa kwa nguvu mahali, anageuka anauliza ni mlio wa nini ule. Punde tu inaingia meseji kutoka Titan kwamba wameachia vizito viwili. Kumbe meseji ilishatumwa kabla, ilichelewa tu njiani, ila yeye alivyoipata akaona kumbe wako salama, akaendelea na kazi. Nimeiangalia ile video nikaizima, siwezi kuirudia.

Dunia ikakaa siku nne inahesabu masaa 96 ya oksijeni, ndege zinadondosha vinasa sauti, watu wanasikia kama mtu anagonga, matumaini yanapanda, hadi tarehe 22 roboti iliposhushwa ikakuta mabaki mita kama 500 kutoka omo ya Titanic. Na siku zilezile boti ya wahamiaji ilikuwa imezama karibu na Pylos, Ugiriki, ina mamia ya watu, wakaokolewa 104, na wengi mliuliza mbona hawa hawatafutwi hivi. Mliuliza sawa kabisa. Ila utani na vicheko juu ya wale watano sikuvielewa wala sivielewi.

Sisemi watu wasishuke. Bahari haitaacha kuwa na hatari hata ukiwa na chombo bora kuliko vyote. Mwaka 2000 Mir moja ilisukumwa na mkondo ikajibana kwenye pangaboi la Titanic, ndani yumo mwandishi wa habari Michael Guillen, rubani akahangaika nayo mpaka ikajinasua. Hiyo ndo hatari ninayoikubali, bahari ni bahari, mkondo hausomi fomu, lakini angalau ukuta uliokuzunguka kuna watu wasiofaidika na tiketi yako waliupima wakasema unafaa. Mzamiaji wa Marekani Victor Vescovo alifika Titanic 2019 na nyambizi ndogo iliyopewa cheti cha kushuka kina chochote duniani, kwahiyo msiniambie ubunifu na ukaguzi haviendi pamoja.

Na kama ni kuijua Titanic yenyewe, mwaka 2022 roboti za kampuni ya Magellan ziliipiga picha zaidi ya 700,000, ikatengenezwa ramani yake nzima ya 3D, hakuna hata mtu mmoja aliyeingia majini. Mwaka 2024 roboti zingine zikakuta kipande cha ile reli maarufu ya omo kimedondoka, na zikaipata sanamu ya Diana, mungu wa kike wa Warumi, iliyokuwa haijaonekana tangu 1986. Bakteria wanaila ile meli kila siku, kutu inaning'inia kama mizizi, kwahiyo naelewa haraka ya watu kutaka kuiona kabla haijaisha. Naielewa kabisa, hata mimi picha zake nikianza kuziangalia siachi.

Ninachotaka ni kitu kidogo tu na kinawezekana. Titan ilikuwa inafanya kazi kwenye bahari isiyo ya nchi yoyote, haijasajiliwa popote, inapelekwa na meli ya nchi nyingine, kwahiyo kila mamlaka ilikuwa na sababu ya kuangalia pembeni. Basi isemwe hivi, bandari yoyote inayotoa meli yenye nyambizi ya kubeba watu waliolipa idai cheti cha mkaguzi huru kabla kamba haijafunguliwa, na abiria apewe vipimo vya safari ya mwisho na mtu wa nje wa kumsomea, milio yote, nyufa zote, kilichobadilishwa na kilichoachwa. Halafu ndo aletewe fomu.