Nilijitunza Msimu Mzima, Maji Yakanipeleka Ukweni

Kikundi chetu cha kuogelea pale Shangani, Mtwara, hakina kocha, kina mabishano. Kuna mfamasia, kuna mwalimu wa hesabu, kuna dereva wa bajaji, kuna mimi karani wa ghala la korosho, na kuna mzee mmoja mvuvi mstaafu ambaye hakujiunga rasmi. Alikuwa anakuja ufukweni kutucheka tu, siku moja akavua shati akaingia majini, na tangu hapo hajashindwa.

Bishano lenyewe ni hili: mtu mzima mwenye kazi, familia na mgongo unaolalamika ashindane kwa nguvu kiasi gani? Kila Jumamosi tunatimua mbio kutoka mchangani hadi kwenye mashua iliyotia nanga na kurudi. Je, kila Jumamosi iwe fainali?

Mfamasia anasema ndiyo. Yeye huogelea kama mtu aliyeona mamba, anatoka majini midomo imempauka, halafu anakaa mchangani nusu saa nzima ukimsalimia haitiki. Mwalimu anasema huo ni ushamba. Kwa maelezo yake, wenzetu wa ng'ambo ukishatimiza miaka 25 unahesabiwa mkongwe, unapangwa na wa rika lako, na msimu una mashindano tele. Lakini mwenye akili huchagua moja au mawili ya kutoa roho. Mengine anayafanya mazoezi: hili ajifunze kugawa mwendo, lile ajaribu kuanza taratibu na kumaliza kwa kasi. Yakikaribia yale aliyoyachagua, wiki mbili tatu kabla anapunguza masafa, anabakiza vipande vichache vya kasi ili misuli ipumzike bila kusahau kazi.

Na mwalimu ana mfano wake ambao hachoki kuutoa, wa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, mita 100. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akabaki peke yake kwenye bwawa la mita 50, na bwawa la urefu ule alikuwa hajapata kuliona kabla ya kufika huko. Mita 50 za kwanza alizila vizuri tu. Za kurudi, watu walidhani anazama. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, uwanja mzima umesimama unampigia makofi.

"Mnaona?" mwalimu husema. "Nguvu haigawanywi hovyo."

"Sasa alikuwa na mashindano mangapi, huyo?" mfamasia humjibu. "Alikuwa na hayo hayo. Ulitaka amuwekee nani akiba?"

Mimi nilisimama upande wa mwalimu. Nikiri tu kwamba kilichonivuta zaidi ni kile kipengele cha kupumzika.

Basi nikachagua shindano langu: la kuvuka mdomo wa ghuba kutoka upande wa Feri hadi Msangamkuu, ng'ambo ya pili, upepo wa kusi ukishatulia na kaskazi haijaanza, bahari ikiwa shwari. Jumamosi zote za kabla yake nikaogelea kwa robo tatu ya nguvu. Watu wakanipita. Dereva wa bajaji, ambaye huogelea kichwa kikiwa juu asije akalowesha masharubu, naye akanipita. Nikitoka majini wananiuliza, "Karani, umeogelea au umeoga?" Nikawa natabasamu. Mtu mwenye akiba benki hababaiki na kelele za sokoni.

Wiki za mwisho nikapunguza mazoezi kwa uaminifu mkubwa. Nikala ming'oko, nikala pweza, nikalala mchana. Mke wangu akauliza huu ugonjwa umeanza lini. Nikamwambia ni sayansi. Nikanunua na kile kinguo cha kuogelea cha kubana, kifupi, kwa sababu mwalimu alisema bukta pana inabeba maji. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba kilivyokunjwa kiliingia kwenye pakiti ya miwani.

Siku ikafika. Tuliambiwa tunaanza saa moja asubuhi, na saa hiyo haikuchaguliwa bure: maji yalikuwa yamejaa na kusimama, ghuba imetulia, hata mtoto angevuka. Tukajipanga. Tukaambiwa tusubiri, mgeni rasmi yuko njiani.

Saa mbili, yuko njiani. Saa mbili na nusu, amekaribia sana. Mzee mvuvi hakuwa anaangalia barabara, alikuwa anaangalia nguzo za gati. Alama ya unyevu ilikuwa imeshashuka kimo cha mtoto. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, maji yanatoka. Na bamvua halijaisha hili, maji bado ni yale makubwa."

"Shikamoo babu, mimi nimejitunza," nikamwambia.

Akaniangalia, akaitikia marahaba, akaenda zake.

Mgeni rasmi alifika saa tatu na nusu, akazungumzia umuhimu wa michezo na kutunza muda. Filimbi ikalia.

Jamani, niliondoka! Nguvu za msimu mzima zilikuwa mle mkononi. Nikampita mfamasia, nikampita dereva na masharubu yake. Nikainua macho kutafuta bendera ya kumalizia, nikaiona imesimama mbele yangu sawasawa. Nikakandamiza. Nikainua macho tena, bendera imehamia kulia. Nikajirekebisha, nikakandamiza zaidi. Mara ya tatu bendera siioni, naona mikoko. Maji yote ya ghuba ya Mtwara yalikuwa yanatoka kwenda bahari kuu, nami nimo, tena naongeza kasi.

Mzee alikuwa ameelekeza kichwa ndani kabisa ya ghuba, mbali na bendera, anajipigia mikono yake taratibu, na mkondo ukawa unamsogeza wenyewe hadi mahali pake. Mtumbwi wa usalama ulikuwepo, nisiwasingizie watu. Ila muda ule ulikuwa umemchukua mpiga picha.

Nilipogusa mchanga sikuwa na mkono wala mguu. Nikainuka, maji kiunoni, nikakuta kundi la akina mama na ndoo zao, wanayafuata maji yanavyopwa wakiokota chaza. Wakanyamaza. Nikakumbuka nimevaa nini. Nikarudi chini nikachutama.

"Wewe baba, unatokea wapi?"

"Mtwara, mama."

"Kivuko kimeharibika?"

Mmoja wao akanionea huruma, akanirushia khanga yake ya pili akiwa amegeuza uso. Ndipo nikatoka majini nimejifunga khanga nyekundu, mgongoni imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Kupita mbele ya mgeni rasmi vile nilivyo sikutaka, nikashika njia ya kivuko. Na pale kivukoni, kwenye benchi, kapu la samaki miguuni, alikaa mama mkwe. Alikuwa amekuja kumsalimia dada yake.

Aliniona. Najua aliniona kwa sababu aligeuka papo hapo akaanza kuitazama injini. Mimi nikageukia baharini. Tukavuka hivyo, migongo imeelekeana, na baina yetu kijana wa nauli. Mfukoni sina kitu. Mfuko wenyewe sina. Nikasikia sauti ya mama mkwe ikimwambia mtoto aliyekaa karibu yake:

"Mjukuu wangu, mpe huyu kijana nauli ya watu wawili. Na yule mtu mwenye khanga asiulizwe kitu."

Nauli ikalipwa. Abiria wote wakanigeukia, wakaanza kunisoma mgongoni.

Kwenye matokeo, mzee ni wa kwanza, mfamasia wa pili pamoja na uchovu wake wa kila Jumamosi. Mbele ya jina langu wameandika "hakufika". Hilo nimelikatia rufaa kwa maandishi. Kanuni zinasema mshindani avuke kwa nguvu zake hadi Msangamkuu, hazikusema Msangamkuu ipi. Kamati imejibu kwamba nilete shahidi aliyeniona upande ule. Akina mama wa chaza siwajui kwa majina, na shahidi pekee ninayemfahamu hadi leo anasema siku ile hakusafiri.