Safari za misheni: kabla ya kukata tiketi, muulizeni mwenyeji

Shule za Marekani zikifungwa, kati ya Juni na Agosti, makundi ya waumini hupanda ndege kuja Iringa. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Sinodi ya Saint Paul kule Minnesota zina undugu wa miaka mingi, tena wenye jina la Kiswahili: Bega kwa Bega. Wako pia wageni wa makanisa mengine, na baadhi yao nimewatafsiria. Kila wakiondoka, vijana wa hapa huniuliza: nauli zote zile, si bora wangetuma hela?

Swali lina uzito. Tuseme wamekuja watu 12, kila mmoja ametumia dola 3,500 kwa tiketi, viza, chanjo na malazi. Hizo ni dola 42,000. Halafu wanafika na kubeba tofali siku nne, kazi ya saidia fundi ambayo kijijini ina vijana wanaoililia. Pabaya zaidi ni kwenye vituo vya watoto yatima: mtoto anabebwa wiki mbili, anamzoea mtu, kisha mtu huyo haonekani tena. Kwa hilo msimamo wangu ni mmoja, lisiwepo kwenye ratiba kabisa.

Lakini siwezi kuwaambia wasije. Wanaoendelea kuchangia mwaka hadi mwaka, kwa nilivyoona, ni wale waliowahi kukaa jikoni kwa watu. Mama mmoja alilala siku kumi nyumbani kwa mwinjilisti wetu. Hadi leo analipa ada ya binti wa nyumba ile, na wanaombeana kwa majina. Paulo mwenyewe aliwaandikia Warumi kwamba anatamani kuwaona ili wafarijiane, yeye na wao. Barua ilikuwepo, na bado alitaka kwenda.

Kwa hiyo mimi naona tatizo liko kwenye maandalizi. Wageni hujiandaa kwa bidii: wanafanya harambee, wananunua dawa za malaria, wanajaza masanduku fulana nyepesi. Kumbe kiangazi chao ni kipupwe chetu, na asubuhi za Juni wanatetemeka kanisani. Hilo dogo, tunawaazima mashuka. Kubwa ni hili: kundi moja lilikuja Juni kufundisha watoto shuleni siku tano. Shule zimefungwa, watoto wako shambani na wazazi wao wanavuna mahindi. Ikabidi mtu atumwe kwa pikipiki akawakusanye. Siku ya pili nikiwa natafsiri wimbo, nilimwona mama amesimama mlangoni, gunia tupu begani, akimsubiri mwanawe amalize kuimba ili wakamalizie kuvuna. Hakusema neno. Alisubiri karibu saa nzima.

Lawama hiyo ni yetu pia. Tunajibu "karibuni" kwa kila barua, kwa sababu mgeni hakatazwi. Lakini "karibuni" haisemi kama shule iko wazi, kama kuna chakula ghalani, au kama kina mama wa usharika wana nafasi ya kupika. Mwenyeji naye ajifunze kuandika: Juni hapana, njooni baada ya mavuno.

Yapo na ya kisheria. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Daktari au muuguzi anahitaji usajili wa muda wa baraza lake, na dawa za msaada zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zawadi zisifungwe kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Haya yanataka miezi, na anayeyajua ni mtu wa huku.

Mwaka uliofuata kundi jingine liliandika Februari, likauliza kwanza. Wazee wa kanisa wakakaa, wakajibu kwa ukweli. Wageni wakaja Agosti wakiwa wameshajifunza kusema "kamwene", salamu ya Kihehe, na kungoja kuitikiwa. Alasiri tatu walikaa barazani na kina mama wakipukuchua mahindi, vidole vikawatoka malengelenge, na maswali yalikuwa mengi pande zote mbili: mikopo ya nyumba, wajukuu, misiba. Ng'ambo ya uwanja mafundi wetu waliendelea na ukuta wao.