Nimebadilisha mvukuto, na sijuti

Mzee mmoja anayekusanya kamera za zamani aliishika kamera yangu ya kukunja, akaifungua taratibu, akachungulia ndani, kisha akanyamaza. Nikajua ameshaona.

"Kijana, huu mvukuto si wake."

"Ndiyo, mzee wangu. Nimeuweka mimi."

Akairudisha mezani kama mtu aliyekuta nywele kwenye sahani. "Basi umeiua."

Sikumjibu, kwa heshima ya umri wake. Lakini tangu siku hiyo namjibu kichwani kila ninapoifungua kamera ile, kwa hiyo leo acha niyaandike yaishe.

Kwa asiyewahi kuishika, kamera ya kukunja ni sanduku bapa la chuma lililovikwa ngozi. Ukibonyeza kitufe mlango wa mbele unashuka, vyuma vya pembeni vinanyooka kwa mlio mkavu, na lenzi inachomoza ikivuta nyuma yake mvukuto: ngozi nyeusi yenye makunyanzi kama kinanda cha kukunja. Kazi ya mvukuto ni moja tu, kuhakikisha mwanga haufiki kwenye filamu ila kwa kupitia lenzi. Ukimaliza unaifunga, unaitia mfukoni, unakwenda zako.

Hapo kwenye mfuko ndipo penye hoja yangu yote. Kamera yangu inatumia filamu ya 120, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1901 na mpaka leo inatengenezwa. Rola moja inatoa picha nane tu za sentimita 6 kwa 9. Ukipima picha yenyewe utapata kama milimita 56 kwa 84, zaidi ya mara tano ya eneo la negativu ya kawaida ya milimita 35. Kamera nyingine zinazotoa negativu ya ukubwa huo nyingi ni mizigo, unazibeba begani na unazisikia mgongoni. Hii inakaa kwenye koti.

Wapenzi wa filamu wana wimbo wao kwamba kamera za zamani zinafundisha subira, zinakutuliza, zinakufanya "uone". Mimi siuimbi. Nimewahi kumaliza picha zote nane ndani ya dakika kumi, zote mbovu, na subira yangu ikabaki palepale ilipokuwa. Mtu mwenye pupa anakuwa na pupa hata akipewa jiwe na patasi. Ninachokipenda mimi ni negativu ile kubwa, ambayo ukiiweka juu ya mwanga unahesabu majani ya mti ulio ng'ambo ya bonde, na kwamba niliipiga kwa kitu kilichotoka mfukoni. Mengine ni mapambo ya maneno.

Waliozitengeneza walikuwa na hesabu hiyohiyo. Mwaka 1912 Kodak walitoa Vest Pocket, yaani mfuko wa kizibao, na jina lenyewe linasema ilikusudiwa iingie wapi. Mwaka 1924, mpanda milima Mwingereza George Mallory alipokuwa akijiandaa kwa jaribio lake la mwisho kwenye Everest, mwenzake Howard Somervell alimwazima Vest Pocket yake. Pale juu kila gramu ina gharama yake, na bado kamera ilipata nafasi. Mallory na Andrew Irvine hawakurudi. Mwili wa Mallory ulipatikana mwaka 1999, kamera haikuwapo, na watu wameendelea kuitafuta. Wanaitafuta kwa ajili ya filamu iliyo ndani, inayoweza kuonyesha kama walifika kileleni. Sidhani kama yuko anayejiuliza mvukuto wake ni wa kiwandani au la.

Sasa turudi kwa mgonjwa wangu. Niliipata ikiwa safi kwa nje kuliko ilivyostahili, maana aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameing'arisha mpaka rangi nyeusi kwenye kingo ikatoka na shaba ikaanza kuchungulia. Ndani hakugusa kitu. Usiku nilizima taa, nikafungua mgongo wake, nikaingiza tochi ndogo, nikaanza kuusogeza mvukuto polepole huku na huku. Vitobo vinne. Vyote kwenye pembe, palepale ngozi inapokunjwa upande huu na upande ule kwa miaka na miaka. Ukiutazama mvukuto mchana usingeshuku lolote. Kitobo cha ukubwa wa ncha ya sindano kinatosha kuacha doa la ukungu katikati ya uso wa mtu.

Nikafanya kama wanavyofanya wengi, nikapaka rangi nyeusi ya vitambaa kwenye kila kitobo. Ikashika. Rola mbili zikatoka vizuri, ya tatu ikaja na vipunje vyeusi ndani ya picha, nikashangaa, kumbe rangi imeanza kupasuka kwenye mikunjo na kubanduka, inaniangukia kwenye filamu. Kiraka kinaweza kuvumilia mahali pasipotikisika, lakini pembe ya mvukuto inatikisika kila unapofungua na kufunga.

Basi nikaubandua. Nikaunyoosha mezani, nikapima kila mkunjo, nikatengeneza wa majaribio kwa karatasi tupu, kisha wa kweli: kitambaa cheusi chepesi kwa ndani, mbavu za karatasi ngumu katikati, ngozi laini kwa nje. Mbavu hizo ndizo zinazoiambia ngozi ijikunje wapi. Ukikosea moja, mvukuto mzima unakwenda upande kama shati lililofungwa kifungo kisicho chake. Wa kwanza ulitoka mzuri wa kupigia picha, isipokuwa ulikuwa mnene kupita kiasi na mlango ukakataa kufunga. Kamera ya kukunja isiyokunjika! Nilicheka peke yangu, nikatafuta ngozi nyembamba zaidi, nikaanza upya.

Shata, kile kilango kinachofunguka kuruhusu mwanga upite, nayo ilikuwa imelala. Vipande vile vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kufunga vinatakiwa viwe vikavu kabisa, lakini mtu fulani kabla yangu alivipa mafuta akidhani anavisaidia. Mafuta yakashika vumbi, yakawa gundi. Nilivisafisha kwa benzini mara nne, nikiacha vikauke kila mara. Sekunde moja ikawa inachukua karibu mbili, nikaizungusha na kuizungusha mpaka ikakaribia. 1/100 ya sekunde yake naamini ni ya polepole zaidi, kitu kama 1/60. Sikuisumbua zaidi. Negativu inasamehe mwanga uliozidi kidogo, na nimebandika karatasi ndogo ndani ya mkoba wake inayonikumbusha kila namba ina uongo kiasi gani.

Kazi wanayoiruka wengi ni ya kuhakikisha lenzi inalenga. Unafungua mgongo, unabandika selotepu isiyong'aa mahali filamu inapolala, unaiacha shata wazi kwenye alama ya T, inayobaki wazi yenyewe, au ya B, inayobaki wazi ukiwa umeikamata, unaielekeza kwenye kitu cha mbali sana na kutazama kwa kioo cha kukuzia. Picha inaonekana pale kwenye selotepu, kichwa chini miguu juu. Kama kitu cha mbali hakijakazika, yaani hakionekani kwa ukali, wakati alama inasema kimekazika, lenzi inahitaji kurekebishwa. Na ukiona upande mmoja umekazika na mwingine una ukungu, basi vyuma vya mbele vimepinda, na hapo hakuna ngozi wala nikeli itakayokuokoa. Mzee wangu hakuuliza habari za vyuma.

Matumizi yake yana vituko. Nyuma kuna kidirisha chekundu cha kusomea namba za picha kwenye karatasi ya filamu. Zamani filamu nyingi zilikuwa haziioni rangi nyekundu, ndiyo sababu wakaweka nyekundu. Filamu nyingi za leo zinaiona vizuri sana, kwa hiyo changu kina tepu nyeusi ninayoiinua kivulini tu, kwa muda wa kusoma namba. Lenzi yangu ni ya kabla ya vita kuu ya pili, haina ule utando wa kuzuia mwanga usiakisike kwenye kioo, ambao Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, aliugundua mwaka 1935, kwa hiyo jua likiipiga usoni picha nzima inafifia. Kikinga jua cha lenzi, au kivuli cha mkono, kinatosha. Kipima mwanga sina haja nacho mchana: jua kali, filamu ya ISO 100, tundu la lenzi f/16 na shata 1/100, basi, na hiyo 1/60 ya kweli naihesabu kuwa sadaka.

Tena hakuna kitakachokukumbusha kusogeza filamu. Shata na kisogezi havijuani kabisa. Nina picha ya daraja ambalo juu yake amelala paka, mkubwa kuliko nguzo; watu wananiuliza nimeifanyaje, nami siku hizi najibu tu kwamba ni ufundi. Na nilijifunza kwa hasara kuifungua taratibu. Ukiifyatua kwa haraka, mvukuto unatanuka na kuvuta hewa, na filamu inavutwa mbele kidogo, inatuna katikati, ukali unapotea. Sasa naifungua kwanza, polepole, ndipo nasogeza filamu ikazike.

Sisemi kila kamera ifumuliwe. Ikiwa ni ya nadra kweli, au iliyopita kwenye mikono inayojulikana, ibaki na vitobo vyake, na mimi nitaipita nikiwa nimefunga mikono nyuma. Lakini hizi za kawaida zilitengenezwa kwa wingi ziuzwe kwa watu wa kawaida, wakapigie picha watoto na safari. Kuiacha moja kabatini na ngozi yake halisi inayovuja, halafu kusema umeihifadhi, ni sawa na kumsifu mtu kwa meno yake yote thelathini na mawili huku ukimkataza kula.

Ambalo ningekubaliana na mzee ni hili: usitupe kitu. Mvukuto wa zamani nimeukunja kama ulivyokuwa, nikautia kwenye bahasha, na juu yake nikaandika namba iliyochongwa kwenye kamera. Gundi niliyotumia inabanduka kwa maji ya uvuguvugu. Atakayeirithi akitaka kuurudisha, bahasha hiyo hapo, na vitobo vyote vinne vimo.