Nimelipa Kiingilio Nikasemwe

Jamani, kuna dhuluma inaendelea kwenye ndoa za nchi hii na hakuna anayeisemea. Mimi nikisema mezani kwamba mama mkwe akija "kusalimia siku mbili tatu" huwa anakuja na mto wake wa kulalia, hiyo ni kesi. Inaitwa dharau. Usiku inapigwa simu, asubuhi kaka zake wanauliza, "Shemeji, kwani huko kuna nini?" Lakini kijana mmoja mchekeshaji mwenye suruali inayombana mapajani akisimama na maiki akalisema hilohilo, neno kwa neno, mama watoto anacheka mpaka analalia bega la mtu asiyemjua. Kisha ananigeukia, machozi yanamtoka, anasema, "Huyu mtoto ana kipaji!"

Kipaji! Mimi hicho kipaji ninacho miaka yote ya ndoa, na kila nikikionyesha nalala nacho kwenye kochi.

Tulikwenda ukumbini mwezi uliopita, kwa shinikizo. Bei ya kiingilio siitaji, presha isije ikapanda upya, niseme tu kwamba ni unga, sukari na mafuta ya taa ya akiba umeme ukikatika. Na bajaji ya kurudi usiku, ambayo dereva akiona mmependeza anajiongezea bei mwenyewe. Yote hayo ili tukakae kwenye viti vya plastiki tusemwe. Hapo ndipo akili yangu inapogoma. Mtu akinisema bure pale kijiweni namnunia wiki nzima. Huyu namlipa, na akimaliza nampigia makofi.

Kijana alianza na siasa kidogo. Ukumbi ukacheka kwa tahadhari, kile kicheko cha mtu anayeangalia kwanza nani kakaa pembeni yake. Akahamia Simba na Yanga: nusu wakashangilia, nusu wakanuna, na mmoja wa nyuma akasimama kudai ile penalti. Nikamwona kijana anafuta jasho. Ndipo akasema, "Sasa, mzee wangu mimi pale nyumbani..." Hajamaliza sentensi, watu wameshaanza kucheka. Hawajui hata huyo mzee kafanya nini! Wanacheka kwa mkopo.

Akairudisha maiki kwenye stendi yake. Akaupeleka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, akatanguliza tumbo, akavuta chini singlendi ambayo hakuivaa, akaanza kutembea. Hasemi kitu. Anatembea tu, taratibu, anachungulia chumba, anagusa swichi. Ta! Hatua mbili. Ta! Anasimama, ananusa, anarudi kinyumenyume kuhakikisha ile ya kwanza imezimika kweli. Akafika kwenye mita ya umeme, ile ya LUKU. Akainama, akafinya macho, akasoma. Kisha akainuka pole pole, akatutazama sote kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. "Jana... zilikuwa... uniti 14."

Ukumbi ukalipuka. Dada aliyekaa mbele yetu wigi lilihama likakaa upande wa sikio, na hakulirudisha. Kulikuwa na Mchaga, kulikuwa na Mhaya, kulikuwa na mama mmoja ambaye kwa lafudhi nilijua ni wa Lindi, wote wanapiga mapaja na kuulizana baba yao huyu kijana kamwonea wapi. Mama watoto akanifinya. "Ndiyo wewe!" Mimi? Mimi sivai singlendi, mimi ni mtu wa msuli. Halafu tusisahau, kwangu uniti ziliisha kweli, na mwenye kuacha pasi ikiwaka akaenda kuchota umbea kwa jirani sikuwa mimi.

Lakini nikitazama kulia na kushoto nikaanza kuona mchezo wote ulivyo. Mimi nilikuwa nacheka nikimkumbuka marehemu baba, ambaye alitaka hata redio izimwe wakati wa matangazo ili betri zipumzike. Mke wangu alikuwa ananicheka mimi. Mabinti wawili upande wa pili walikuwa wanamcheka kaka yao, maana walimtaja. Na yule mzee wa mlangoni anayechana tiketi, aliyenuna tangu tunaingia, alikuwa anatingisha kichwa na kusema, "Mkwe wangu huyu, mkwe wangu kabisa." Kichekesho kimoja, watuhumiwa 300, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo ukumbini! Kila mtu alijua ni mwingine. Alipoingia kwa mama na zile sahani za maua zinazokaa kabatini zikisubiri wageni, wageni ambao tangu tunazaliwa hawajafikia hadhi ya kuzilia, watu walianza kushikana mikono na majirani wa viti.

Ukimtania mheshimiwa unaweza kuitwa mahali ukaeleze kicheko kilikuwa cha nini. Ukitania timu unarudi nyumbani huna rafiki. Ukitania dini, hilo tusiliguse hata hapa. Baba wa nyumbani na rimoti yake hana msemaji, hana chama, hana hata pa kupeleka malalamiko. Aende kituoni akasemeje? "Afande, mwanangu kasema ukweli"?

Halafu tusijifanye haya mambo yameletwa na intaneti. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wake, na ulikuwa mkali kuliko hii stendapu ya kulipia. Babu na mjukuu ni watani. Bibi yangu aliniita mume wake mpaka naanza shule, na matumizi alinidai, tena mbele ya wageni. Mashemeji wanataniana, mabinamu wanataniana, Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana, Wapare na Wachaga ndiyo usiseme. Mtani anaingia msibani watu wanalia, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia watu wasizike mpaka apewe chake, na hakuna wa kumkasirikia. Akikasirika mtu, anaonekana yeye ndiye hana adabu.

Ila kwa mkwe? Hapo mlango umefungwa. Mkwe hutaniani naye. Ukimwona kwa mbali unabadilisha njia, ukikutana naye unashusha macho, ukila naye tonge linapita kwa shida. Sasa fikiria mwanamume mzima ana mambo ya kusema juu ya mama mkwe, yamejaa mpaka hapa, na mila imemwambia ameze. Ndiyo maana nasema huyu kijana wa suruali ya kubana ni mjanja. Kajipa cheo cha mtani wa taifa. Anatania wakwe za watu wote kwa mkupuo mmoja, na wakwe wenyewe wako Korogwe wamelala. Nilipata nafuu pale ukumbini, siwezi kukataa. Nafuu yenyewe niliipigia hesabu kwenye bajaji, ikaisha.

Mimi nimekulia Tanga. Huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, lakini mwenye antena ndefu na mtoto wa kupanda kuizungusha alikuwa anamdaka Mkenya. Hapo ndipo tulipowajua Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, kule KBC, wakizozana kila wiki juu ya pesa, pombe na watoto. Shangazi yangu alikuwa akimwombea yule mama dua ya subira. Baadaye habari zikatufikia kwamba hawa si mke na mume, ni wasanii tu, mzee mwenyewe jina lake Benson Wanjau na kila mmoja ana kwake. Shangazi akakataa katakata. "Toka hapa! Mtu hawezi kugombana vile na asiye mume wake." Mzee Ojwang alifariki 2015, na mpaka leo shangazi anamwita Mama Kayai mjane.

Nasi Tanga tulikuwa na wetu, King Majuto, Mungu amrehemu, aliyetutoka 2018. Yule hakuhitaji hata maneno. Mkewe wa kwenye filamu akiomba hela ya mboga, mzee anatazama juu tu, anatafuta jibu kwenye dari, nanyi nyumbani mko hoi. Baadaye wakaja kina Joti na Masanja Mkandamizaji na Ze Comedy yao kule EATV, na sasa vijana wana Cheka Tu na majukwaa mengine, mtu mmoja, maiki moja, na ukoo wake wote mgongoni. Kule Nairobi mchekeshaji Njugush alikwenda mbali zaidi, alipanda jukwaani na mkewe, Wakavinye, wakasemana mbele za watu na watu wakalipa. Huyo ndiye mwanamume aliyefikiri. Ugomvi wetu mimi na mama watoto una ubora uleule, ila majirani wanausikiliza bure kupitia dirisha la jikoni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye anakaa kwangu tangu amalize chuo "akisubiri majibu ya kazi", aliniwekea klipu ya Trevor Noah wa Afrika Kusini akimwigiza mama yake. Kiingereza kilikuwa kinanipita, yule jamaa anasema haraka. Lakini alipoligeuza lile jicho la mama, la kukuambia "tukifika nyumbani utanitambua" bila kufungua mdomo, nilikaa vizuri. Jicho lile nililipata Tanga, barazani, mbele ya sahani ya biskuti ya ugenini.

Sasa, huyo mpwa. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Kumbe muda wote huu majibu ya kazi alishayapata, na kazi yenyewe ni sisi. Anataka kuwa mchekeshaji. Tunakula, yeye anachezea simu chini ya meza. Nikisema "nani kamaliza sabuni?" vidole vinaandika. Mke wangu akinijibu, vidole vinaandika kwa kasi zaidi. Siku hizi tunagombana kwa sauti ya chini na kwa maneno tuliyoyachagua, nyumba imekuwa kama ofisi. Juzi nilitaka kuuliza kwa nini mkate umebaki vipande viwili vya pembeni tu, nikamwona ameshaishika simu, nikanyamaza. Nimekula vile vipande nimenyamaza! Kwenye nyumba ninayoilipia kodi!

Halafu klipu ikatoka. "Mjomba wangu," anasema, "anachora mstari wa kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kula." Watu wanacheka. "Mama mdogo akishapika anaongeza maji mpaka kwenye mstari." Watu wanaanguka. Kwanza, ni mjomba yupi huyo, wajomba tuko wengi. Pili, mke wa mjomba si mama mdogo, sijui elimu ya ukoo wanafundishwa wapi hawa. Na tatu, hiyo ya maji ndiyo kwanza naisikia mimi. Kwenye klipu! Pamoja na nchi nzima!

Nikamwita. Nikamwambia, mwanangu, chupa ni yangu, kalamu ni yangu, mafuta ni yangu, basi kwenye malipo kuwe na asilimia. Akanitazama kwa heshima zote, akasema, "Sawa, mjomba," halafu akaomba nirudie ile sentensi pole pole.

Nilidhani angalau ukoo utanitetea. Kwenye kundi letu la WhatsApp wakacheka wote, vile vikatuni vya machozi vikajaa skrini, hakuna hata mmoja aliyeuliza mjomba anajisikiaje. Aliyekasirika ni mmoja tu, shangazi, na nikasema ahsante Mungu, nimepata mtu. Nikampigia. Kumbe hasira zake ni kwamba yeye hajatajwa. Anauliza kwa nini mjomba asemwe yeye aachwe, kwani yeye hana vituko, kwani katika ukoo huu nani aliyemfukuza mchumba wa binti kwa sababu alikula ugali kwa uma? Akanikatia simu, akampigia mpwa moja kwa moja. Wameongea saa nzima. Nimesikia kicheko cha kijana kinapita ukutani, na katikati ya kicheko nikasikia neno "mbuzi".

Ile ya mimi na mbuzi wa Idi nilishaomba kwenye kikao cha familia isizungumzwe tena, na wote waliitikia amina.

Onyesho ni Jumamosi. Mama watoto ameshanunua tiketi, viti vya mbele, karibu kabisa na jukwaa, na nauli ya shangazi kutoka Tanga imetoka mfukoni mwangu.