Usianze kwa kuuliza ni mti gani

Ukimwonyesha mtu upinde uliouchonga mwenyewe, hakuulizi unarusha mshale umbali gani. Anauliza, "Mti gani huu?" Ukijibu hujui, anakutazama kama mtu aliyekula uyoga wa kuokota njiani. Nimeulizwa hivyo na seremala, na jirani, hata na mtoto wa darasa la tano. Mimi naona swali hilo linawekwa mbele wakati nafasi yake ni ya nyuma kabisa.

Mti wangu ulitoka kwenye kiwanja kilichokuwa kinafyekwa Buhongwa, hapa Mwanza. Majani yalikuwa yameshanyauka na kuchomwa, yakabaki mashina membamba yamelundikwa kando ya barabara, yakimsubiri wa kuyachukua kuni. Nikachagua moja lililonyooka, nene kiasi cha kifundo cha mkono, halina matawi. Kijana mmoja akaapa ni mlusina. Mwenzake akabisha: mlusina gani wenye gome la hivyo, huo ni mjohoro. Nikamsalimia mzee aliyekuwa amekaa kivulini, shikamoo, nikamuuliza na yeye. "Marahaba. Huo ni mti pori tu, mjukuu wangu," akasema, kisha akauliza kitu ambacho wale vijana hawakukiuliza: "Umeupasua ukauona ndani?"

Mzee alikuwa amemaliza kila kitu.

Tatizo la kuanza na jina ni kwamba majina yenyewe tunayapata kwa watu wa mbali. Ukisoma habari za pinde za Wazungu utakutana na mti uitwao yew, ambao Waingereza waliuheshimu kwelikweli. Kwenye mabaki ya meli yao ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zilipatikana pinde zaidi ya 130 za mti huo. Basi msomaji wa Nyegezi au Igoma anafunga simu yake akiamini upinde ni wa wenye yew. Hakuna anayemwambia kwamba pinde za Holmegaard kule Denmark, zenye umri wa takriban miaka 9,000, zilichongwa kwa vigogo vyembamba vya elm, mti wa kawaida kabisa wa kwao. Wala hahitaji kwenda mbali hivyo. Sungusungu walipoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walitembea na pinde na mishale, na hakuna aliyewaletea mbao kwa meli.

Upinde unataka nini kwenye mti? Unapouvuta, upande wa nje, yaani mgongo, unanyooshwa. Upande unaokutazama, tumbo, unabanwa. Miti mingi huvumilia kunyooshwa kuliko kubanwa, alimradi nyuzi za mgongoni ziende kutoka ncha hadi ncha bila kukatwa. Ukizikata kwa panga, hata kidogo, umeonyesha mahali pa kuvunjikia.

Hapa ndipo mti mchanga unapoizidi mbao ya kununua. Ukitoa gome, mgongo wa upinde uko tayari, mti umeutengeneza wenyewe. Huugusi tena. Kazi yote inafanyika tumboni na ubavuni. Wachongaji wa nchi za baridi huchukua gogo kubwa, kisha hufuata pete moja ya ukuaji kutoka mwanzo hadi mwisho kwa uvumilivu wa ajabu. Miti mingi ya huku kwetu haina pete za kuonekana vizuri, kwa hiyo anayeiga mtindo huo atatafuta kisichokuwepo. Uso ulio chini ya gome unamwondolea adha yote hiyo.

Nikaupasua kwa panga na kabari, nikapata nusu mbili. Ufa ulikwenda wima mpaka chini, ukapinda kidogo tu mwishoni. Jibu la kwanza hilo. Miti kadhaa ya joto ina nyuzi zilizosukana. Ukiipasua inachanika ovyo na kuacha manyoya, na hiyo mimi nairudisha jikoni bila huruma. Mingine imejisokota, na unaweza kuibaini kabla hata ya kuipasua kwa kutazama kama mipasuko ya gome inauzunguka mti.

Jibu la pili lilitoka kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo. Chonga kipande cha mti mkavu kiwe na unene mmoja juu hadi chini, kitumbukize kikiwa kimesimama, uone kimezama kiasi gani. Kikizama saba ya kumi, uzito wake ni kama saba ya kumi ya uzito wa maji. Kikizama chini ya nusu, mti ni mwepesi na unataka upana. Wangu ulizama zaidi ya nusu, nikaridhika. Jibu la tatu ni la kikatili: pinda kitawi kikavu mpaka kivunjike. Kikiachia kwa vipande virefu vyenye manyoya, kuna matumaini. Kikikatika mara moja, uso mfupi na safi, achana nacho.

Baada ya hapo utakuwa unaujua mti huo kuliko yule anayejua jina lake tu. Mti ulioota juu ya mawe ya Mabatini kwa kiu na ndugu yake aliyeota mferejini vina jina moja na havifanani kabisa ndani.

Kukausha ndiko watu wanakoharibu. Jua la Mwanza mwezi wa Julai lina upepo wa ziwani, na mti mbichi uliomenywa ukiuanika nje unapasuka ukiutazama. Paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili, paka na mgongoni, uweke kivulini ndani ya nyumba. Gome lisibaki, maana bungua wanapenda kujificha humo. Utajuaje umekauka? Kwa mizani. Rafiki yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na nilikuwa namsumbua anipimie kila nikipita. Gramu zikiacha kupungua, mti umekauka kwa kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Aliyewahi kupima dagaa hahitaji kuelezwa kwa nini unyevu ni pesa.

Kutoujua mti kunalipiwa kwa vipimo, na mimi naona bei hiyo ni halali. Mvuto, yaani umbali unaouvuta uzi, wa sentimita 70 ukiuzidisha kwa mbili na nusu unapata sentimita 175, basi upinde uwe na urefu huo, upana uache wote ambao mti umekupa, na lengo liwe nguvu ndogo, kilo 15 hivi. Urefu unagawa mzigo. Unene ndio wa kuogopa, maana ugumu wa kupinda unakwenda na unene mara tatu kwa wenyewe: ukiongeza unene mara mbili, upana uleule, ugumu unapanda mara nane. Ndiyo maana mwishoni hushiki panga tena, unashika kipande cha kioo cha dirisha. Ukikiburuta kimeinama kidogo kinatoa ukwangu mwembamba kuliko karatasi, unajikunja na kuanguka magotini. Unakwangua mara chache, unapinda, unatazama mkono upi wa upinde, wa juu au wa chini, umebaki mgumu, unarudi pale pale. Fundo la tawi unaliacha limevimba kidogo kuliko pande zake.

Nguvu niliipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya sangara. Ndoano inashika uzi, upinde umelala kwenye gogo, unavuta chini na kusoma. Sheria ni moja: usiuvute kamwe kupita kilo ulizokusudia, hata kama bado haujafika nusu ya mvuto wako. Ukifika kilo hizo mapema, kwangua.

Uzi usikutie wasiwasi, mji huu umejaa maduka ya nyavu. Ila nailoni inanyumbuka na kula nguvu ya mshale. Ulizia poliesta, usokote nyuzi kadhaa pamoja.

Kuna sehemu moja ambapo jina ni lazima, nayo ni sumu. Mnyaa na miti mingine yenye utomvu mweupe usiilete karibu na macho yako, wala usiipige msasa chumbani. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanapaka mishale yao utomvu wa waridi la jangwani uliochemshwa, na mimea ya nasaba hiyohiyo inauzwa mijini kwenye vyungu kama pambo. Kwa hiyo mti unaotoa maziwa ninauacha ulipo. Na usikate msituni bila kibali ukisema ni fimbo tu.

Wengine wananiambia upinde wa mti usiojulikana utakuvunjikia usoni. Unaweza kuvunjika, ndiyo, hata wa yew huvunjika. Ndiyo maana nguvu ni ndogo na unaanza kuuvuta ukiwa umeegemezwa kwenye gogo, wewe ukiwa mbali nao. Kilichonisumbua mimi ni watu. Upinde barabarani Mwanza unawakumbusha watu ulinzi wa usiku, na mwenyekiti wa mtaa aliniuliza kwa upole nimekosana na nani. Siku hizi naubeba bila uzi, umefungwa kwenye gunia. Napiga kwenye kiroba cha pumba za mpunga kilichoegemezwa kwenye jabali, shambani kwa mjomba. Hifadhini siupeleki kabisa, na Saanane ikiwemo: kisiwa kile ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na askari wa wanyamapori hana sababu ya kukuamini kwamba unauonyesha tu.