Jiwe Lililonishikia Nafasi

Mitihani ya muhula wa pili kwetu Dodoma huangukia mwezi Julai, na Julai ni mwezi wa upepo, ule upepo mkavu unaobeba vumbi jekundu pamoja na kila kitu ambacho mwenyewe hakukikalia. Ndiyo maana maktaba ya chuo chetu, ambayo muhula mzima huwa na viti vya kumwaga, wiki za mwisho hujaa ghafla, ingawa haijai watu bali vitu. Ukifika saa mbili asubuhi unakuta sweta limekalia kiti hiki, chupa ya maji imekalia kile, na kwenye meza iliyo karibu na soketi, ambayo hugombewa kuliko bumu, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, kalamu moja isiyo na kifuniko imewashikia nafasi watu sita wa kundi la majadiliano ambao bado wamelala hosteli. Kuondoa sweta la mtu ni kutafuta ugomvi, na ugomvi wa maktabani ni mgumu kwa kuwa lazima ufanyike kwa kunong'ona.

Sisi tusiojaliwa kuamka alfajiri tulijisomea kwenye vimbweta vya nje. Siku moja madesa yangu ya takwimu yalipeperushwa, na ukurasa wa mgawanyo wa kawaida ukaonekana mara ya mwisho ukielekea kwenye mashamba ya zabibu. Nikaokota jiwe la kijivu, ukubwa wa ngumi mbili, ambalo kwa vilima vya Dodoma si bidhaa adimu, nikawa naliweka juu ya karatasi. Kisha rafiki yangu akanipigia simu kwamba kuna mtu anaondoka ghorofa ya pili, tena kwenye kiti cha soketi. Nilikimbia nikiwa na madesa mkono mmoja na jiwe mkono wa pili.

Mlangoni nilimkuta mlinzi, mzee wa Kigogo mwenye kuheshimu kazi yake kuliko wahadhiri wengi.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hilo jiwe la nini?"

"La kuzuia karatasi, mzee. Kuna upepo."

"Ndani ya maktaba?"

Nikamweleza kwamba madirisha ya ghorofa ya pili hayafungi vizuri, jambo ambalo kila mtu analijua. Mzee akageuka kuyasoma masharti yaliyobandikwa ukutani: mabegi yamekatazwa, chakula kimekatazwa, simu zenye mlio zimekatazwa, mawe hayakutajwa. Akafungua daftari linaloandikiwa kompyuta mpakato, akaandika jina langu, na penye "aina ya kifaa" akaandika kwa herufi kubwa JIWE. Penye "namba ya kifaa" alilitazama jiwe pande zote, kisha akachora mstari.

Mchana nilikwenda kula wali maharage, nikaliacha jiwe juu ya madesa. Niliporudi, kiti changu kilikuwa kitupu, na viti vya kushoto na kulia kwake vilikuwa vitupu pia, ilhali watu walikuwa wameketi sakafuni katikati ya rafu. Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba kuna maneno yanazunguka kuwa lile jiwe ni dawa. Wengine walisema nimelitoa Kondoa, kwenye miamba ya michoro ya Kolo iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia, hivyo atakayeligusa atalijibu serikalini. Hoja hiyo angalau ilikuwa na tarehe.

Sikukubali wala kukanusha, maana kiti kilikuwa na soketi. Kuanzia hapo nikawa naingia na jiwe asubuhi, natoka nalo jioni, na Mzee analiandika na kulifuta bila kuuliza. Lakini wasomi hawakuishia kuliogopa. Binti mmoja wa uuguzi, akielekea kwenye mtihani, aliligusa kwa ncha ya kidole na kuondoka haraka. Kesho yake nilikuta pipi mbili zimewekwa kando yake, na siku iliyofuata, nilipotoka chakula cha mchana, jiwe halikuwepo.

Lilikuwa mezani kwa mkutubi, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mwanangu, kwa mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, miamba ni 552, rafu ile pale," alisema. "Nimelikuta 330, kwenye uchumi. Jaza fomu ya vitu vilivyopotea."

Fomu ilitaka rangi, umbo na alama za utambulisho. Niliandika: "La kijivu, zito kiasi, halina alama." Kumbe kulikuwa na fomu nyingine, ya dada wa mwaka wa tatu anayesoma akiolojia, ambayo ilikuwa na urefu, upana na unene kwa milimita, pamoja na mchoro wa ubavu. Aliandika kwamba upande mmoja umechongwa na binadamu, na kwamba anashuku ni zana ya mawe, ya jamii ya zile za Isimila kule Iringa.

"Kaka, umekaa nalo muda wote huo hujalitazama?" aliniuliza kwa masikitiko ya kweli.

Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa kesho yake, nikamwachia. Mkutubi akanitaka nitie saini kama shahidi wa makabidhiano.

Tulipofika mlangoni Mzee alifungua daftari. Mimi niliingia na jiwe na sasa natoka bila jiwe. Mwenzangu aliingia mikono mitupu na sasa anatoka na jiwe, tena kutoka kwenye jengo la chuo. Kwa Mzee huo ulikuwa wizi na upotevu kwa wakati mmoja. Tulimwonyesha fomu yenye saini tatu, akaisoma yote, akasema fomu hiyo ni ya humo ndani, yeye anasimamia mlango. Dada akanikabidhi jiwe. Nikalipitisha mlangoni, Mzee akalikagua pande zote, akalifuta JIWE kwa mstari ulionyooka, nami nikamrudishia dada jiwe lake hatua mbili mbele, Mzee akitutazama bila wasiwasi wowote.